Santuri za Muziki wa Filamu, Wakusanyaji na Migogoro ya Leseni: Mtazamo kutoka Ifakara na Bonde la Kilombero

Mtu anayenunua santuri ya muziki wa filamu hushika kitu kimoja mkononi, lakini kisheria ndani ya kitu hicho mna haki kadhaa. Iko haki ya mtunzi juu ya utunzi wake. Iko haki ya aliyegharimia rekodi. Iko haki ya waimbaji na wapigaji ala waliorekodiwa. Juu ya hizo iko haki ya mwenye filamu, ambaye mara nyingi ndiye anayeshikilia utepe wa asili. Haki hizi huweza kuwa mikononi mwa watu na kampuni tofauti, na mmoja wao akikataa, albamu haitoki. Makala haya yanafafanua jinsi mgawanyo huo unavyozaa migogoro, kwa nini mgogoro huohuo huipandisha thamani santuri machoni pa mkusanyaji, na hali hiyo ina maana gani kwa wanamuziki wa Ifakara na Bonde la Kilombero, ambako nyimbo leo husafiri kwa simu na flashi kuliko kwa santuri.

Mfano ulio karibu na Tanzania ni filamu yenye jina la Kiswahili, Hatari!, iliyopigwa kaskazini mwa Tanganyika na kutolewa mwaka 1962. Mwongozaji wake alikuwa Howard Hawks, na muziki ulitungwa na Henry Mancini. Albamu ya kampuni ya RCA Victor iliyobeba jina la filamu hiyo ilienea sana, na kipande cha mtoto wa tembo kilimpatia Mancini tuzo ya Grammy. Hata hivyo, kilichomo katika albamu hiyo sicho kinachosikika katika filamu. Mancini alikuwa na desturi ya kurekodi upya muziki wake kwa ajili ya santuri, akiupanga uwe wa kusikilizwa sebuleni. Rekodi iliyofanywa kwa ajili ya picha ilibaki katika hazina ya kampuni ya filamu, na haikutolewa kwa umma hadi mwaka 2012, pale kampuni ya Intrada ya Marekani, inayohudumia wakusanyaji, ilipoichapisha. Kwa nusu karne, basi, aliyedhani anamiliki muziki wa Hatari! alikuwa anamiliki ndugu yake tu.

Katika muziki huo Mancini alitumia ala za Kiafrika ambazo Hawks alirudi nazo Marekani, miongoni mwazo ala ya kupigwa kwa vidole gumba, ya jamii ya malimba. Ala haina hakimiliki. Anayeinunua sokoni anaweza kuipiga Hollywood bila kumwomba mtu ruhusa. Wimbo ndio wenye mwenyewe, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua nani analipwa na nani anabaki kutajwa kama mandhari.

Mgogoro wa leseni unaosimuliwa zaidi na wakusanyaji wa Marekani ni ule wa The Caine Mutiny wa mwaka 1954. RCA Victor iliandaa santuri iliyokuwa na muziki wa Max Steiner upande mmoja, na upande wa pili mazungumzo ya tukio la mahakama ya kijeshi kutoka katika filamu. Herman Wouk, mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu hiyo, alipinga, kwa kuwa mazungumzo hayo yaligongana na tamthilia aliyokuwa ameitoa jukwaani kutokana na riwaya ileile. Santuri ikaondolewa kabla ya kuuzwa kwa wingi. Nakala chache zilizonusurika zikawa miongoni mwa santuri za filamu zenye bei kubwa kuliko zote. Muziki wenyewe haukuwa na ubora wa kipekee. Kilichowavuta wanunuzi ni zuio. Wakusanyaji hawapendi kulikubali jambo hili, lakini soko lao kwa sehemu kubwa limejengwa juu ya mikataba iliyovunjika au ambayo haikuandikwa kamwe.

Barani Afrika migogoro ya namna hii imekuwa na sura nyingine, kwa sababu aliyeachwa nje mara nyingi ni mtunzi mwenyewe. Kisa cha Solomon Linda wa Afrika Kusini kinajulikana: alirekodi Mbube mwaka 1939, akauza haki zake kwa shilingi chache, akafariki mwaka 1962. Wimbo huo ukafika hadi katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 kwa umbo la wimbo wa Kiingereza. Warithi wake walifungua shauri mwaka 2004 na kufikia mapatano mwaka 2006. Walitegemea kifungu cha zamani cha sheria ya Kiingereza kilichorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Laiti tarehe ya kifo na hati za mauzo zisingepatikana, kesi hiyo isingekuwa na miguu ya kusimamia.

Kisa cha Missa Luba hakina umaarufu huo, lakini kwa msomaji wa Kilombero kina uzito zaidi. Mwaka 1958 kwaya ya wavulana na walimu wa Kamina, Katanga, chini ya padri Mbelgiji Guido Haazen, ilirekodiwa ikiimba misa ya Kilatini kwa mahadhi ya Kikongo. Sehemu kubwa ya uimbaji ilizaliwa papo kwa papo katika mazoezi, bila nota zilizoandikwa. Mwaka 1964 Pier Paolo Pasolini aliitumia Gloria yake katika filamu juu ya Injili ya Mathayo, na mwaka 1968 Lindsay Anderson akaitumia Sanctus katika filamu ya If...., jambo lililoifanya santuri hiyo iuzwe sana Uingereza. Jina linaloambatana na utunzi huo kwa kawaida ni la Haazen. Ikiwa kiitikio kimebuniwa na waimbaji thelathini kwa pamoja, je, mtunzi ni nani? Sheria ya hakimiliki, iliyozoea mtu mmoja mwenye kalamu na karatasi, hujibu swali hili kwa shida.

Swali hilohilo liko Ifakara. Bonde hili lina mizizi mirefu ya umisionari wa Kikatoliki, na kwaya za parokia ni miongoni mwa vikundi vya muziki vilivyodumu zaidi. Ichukuliwe kwaya inayokwenda studio Morogoro au Dar es Salaam kurekodi nyimbo kumi. Mwalimu wa kwaya ametunga sita. Mbili ni za mtunzi wa jimbo jingine. Mbili zilizobaki zimekua mdomoni mwa waimbaji wenyewe. Gharama imechangwa na waumini. Mwenye studio anabaki na faili za asili katika kompyuta yake. Miaka mitatu baadaye mtayarishaji wa filamu anataka dakika mbili za wimbo mmoja kwa ajili ya tukio la msiba. Atamwendea nani? Kwa mazoea atamwendea mwenye studio, kwa sababu ndiye mwenye faili. Kisheria huyo huenda hana haki yoyote ya kutoa.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 imeweka msingi ulio wazi. Mtunzi ndiye mmiliki wa kwanza, na ulinzi wa kazi yake hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Rekodi ya sauti ina ulinzi wake wa pekee, nao pia ni wa miaka 50, lakini huhesabiwa tangu rekodi ilipotolewa, bila kujali mtunzi yu hai au la. Hivyo saa mbili tofauti hutembea ndani ya santuri moja. Mbaraka Mwinshehe, aliyeupatia mkoa wa Morogoro sifa kubwa kupitia Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki mwaka 1979. Tungo zake zitalindwa hadi mwisho wa mwaka 2029, ilhali rekodi zake zilizotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970 tayari zimevuka muda wake. Mtayarishaji wa filamu anayeambiwa kwamba nyimbo hizo ni za zamani, hivyo ni bure, anadanganywa nusu. Nusu iliyobaki ni ya warithi.

Ugumu mkubwa hautoki katika sheria bali katika kumbukumbu. Bendi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kwa malipo madogo, na kanda zikabaki redioni. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968, ilipewa pia dhima ya biashara ya santuri, lakini kiwanda cha santuri kilichokusudiwa hakikufanikiwa, na nyimbo nyingi za Tanzania zikachapwa Nairobi. Kanda ikawa sehemu moja, santuri sehemu nyingine, na mtunzi kwao. Palipokosekana mkataba wa maandishi, kila mwenye nakala alijiona mwenye mali.

Ngoma za asili zina njia yake. Sangula ya Wapogoro haina mtunzi mmoja wala tarehe ya kuanza kuhesabu miaka 50. Sheria ya 1999 inazitambua kazi za namna hii kuwa sanaa za jadi, na anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili hupaswa kupata kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa. Kibali hicho kinalinda jina la taifa vizuri kuliko kinavyomlinda mpiga ngoma wa Mahenge, na hapo ndipo sheria inapostahili kukosolewa.

Wakati huohuo, muziki wa filamu unaingia bondeni kwa milango isiyo na ulinzi. Katika vibanda umiza vya miji midogo, na kwa vijana wenye kompyuta wanaojaza nyimbo katika kadi za simu, albamu nzima ya filamu ya Kihindi, ya Kinigeria au ya Kitanzania hupatikana kwa bei ya soda. Stempu za kodi zilizoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013 hazikuliondoa tatizo hili: stempu huonyesha kwamba kodi imelipwa, haionyeshi kwamba mtunzi wa wimbo uliomo aliridhia. Kwamba madai yanaweza kufaulu lilidhihirika mwaka 2016, pale Mahakama ya Wilaya ya Ilala ilipoamuru wasanii AY na MwanaFA walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa nyimbo zao mbili kutumika kama miito ya simu bila idhini. Lakini wasanii hao walijulikana, na nyimbo zao zilikuwa na majina yao.

Mkusanyaji wa kaseti wa Ifakara yuko katika nafasi ya ajabu. Kaseti aliyoihifadhi kutoka miaka ya 1980 huenda ndiyo nakala pekee iliyobaki. Kuimiliki na kuisikiliza ni haki yake. Kuinakili na kuiuza si haki yake, hata kama mwenye haki hajulikani. Anayemlaumu kuwa mwizi husahau kwamba bila yeye kusingekuwa na cha kugombania.

Watayarishaji wa filamu katika nchi nyingine hujaza orodha ya muziki kabla filamu haijaonyeshwa: jina la wimbo, mtunzi, waimbaji, mwenye rekodi, na sekunde ulizotumika. Ni karatasi moja au mbili. Vyama vya usimamizi wa haki hugawa mirabaha kwa kuifuata karatasi hiyo, na kampuni inayotaka kutoa albamu miaka hamsini baadaye huanzia hapo. Kwaya ya Ifakara inaweza kuanza mapema zaidi, siku ileile ya studio, kabla faili hazijahifadhiwa: mwalimu aandike ni nyimbo zipi sita zilizo zake, zipi mbili zilizo za mwingine, na majina ya waliokuwapo wakati zile mbili za mwisho zikibuniwa, kisha mwenye studio atie sahihi kwamba anachobaki nacho ni nakala.