Shingo na Goti: Tahadhari za Yoga katika Baridi ya Mbeya

Tangu Umoja wa Mataifa ulipoitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, kwa azimio la Desemba 2014, mazoezi haya yenye asili ya India yamezidi kuwafikia hata watu wasio na mwalimu, ambao hujifunza kwa kutazama video katika simu. Kwa mkazi wa Soweto, jijini Mbeya, tarehe hiyo huangukia katikati ya msimu wa baridi, kwa kuwa jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na asubuhi nyingi za Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Msuli uliopoa huwa mgumu kuvutika, hivyo ni busara kutembea haraka, kuzungusha mabega na kuchuchumaa mara kadhaa kwa dakika 10 hadi 15 kabla ya mkao wowote mgumu, na ni heri zaidi mazoezi hayo yakifanywa alasiri kuliko alfajiri juu ya sakafu ya saruji.

Mkao unaostahili tahadhari kubwa kuliko yote ni kusimama kwa kichwa. Shingo ina pingili 7, ambazo kwa kawaida hubeba kichwa chenye uzito wa kilo 5 hivi. Lakini vipimo vilivyofanywa kwa watu wazoefu vimeonyesha kwamba katika mkao huu, hata mikono inaposaidia, kichwa hupokea takriban asilimia 40 hadi 48 ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni kilo 28 hadi 34, mzigo unaozidi ndoo ya maji ya lita 20. Huenda ikasemwa kwamba wanawake wengi wa Nyanda za Juu Kusini hujitwisha ndoo kama hiyo bila kuumia, na hoja hiyo ina mashiko, ila inasahau jinsi uwezo huo unavyopatikana: mtoto huanza na kidumu kidogo, ngata ikiwa kichwani, kisha mzigo huongezeka mwaka hadi mwaka kadiri anavyokua. Tena aliyejitwisha ndoo akiyumba huweza kuutua mzigo, ilhali aliyepinduka akiyumba, shingo yake hupinda ikiwa bado imeelemewa.

Utaratibu huohuo wa kuongeza mzigo kidogo kidogo ndio unaofaa. Anayeanza huegemea viwiko, nyonga zikiwa juu na miguu ikibaki chini, na kichwa kisiguse sakafu. Anapoweza kukaa hivyo kwa pumzi 10 tulivu ndipo anaposogea ukutani na kuinua mguu mmoja, akiwa na msimamizi mzoefu. Aliyeshinda sokoni akibeba magunia ameshaichosha shingo yake, na siku hiyo anastahili kuiacha ipumzike. Mwenye glakoma, yaani presha ya macho, asipinduke kabisa, kwa sababu shinikizo ndani ya jicho huongezeka karibu maradufu. Mwenye shinikizo la damu amuone daktari kwanza.

Goti nalo huumia katika mkao wa kukunja miguu na kupandisha nyayo juu ya mapaja. Goti limeumbwa hasa kukunjika na kunyooka, na kazi ya kuzunguka ni ya nyonga; nyonga isipofunguka, msokoto huhamia kwenye menisko, vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo vinavyopokea kishindo ndani ya goti. Mguu usivutwe kwa mikono. B.K.S. Iyengar (1918–2014), mwalimu wa Pune, alieneza matumizi ya mablanketi, mikanda na matofali ili mkao uufuate mwili, na vifaa hivyo havihitaji gharama: blanketi lililokunjwa huinua makalio, na kitenge hutosha kuwa mkanda.

Mvutano katikati ya msuli ni wa kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo humtaka mtu aache papo hapo, na ganzi au udhaifu unaoteremka mkononi baada ya kupinduka, dalili ya mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni, humtaka afikishwe hospitalini siku hiyohiyo, bila kukandwa wala kunyooshwa nyumbani.