Ngao ya Oksijeni na Mlango Uliobaki Wazi

Asubuhi ya mwezi Juni katika kata ya Chang'ombe, jijini Dodoma, huwa na upepo wa baridi unaowafanya wengi walitafute jua. Wazee husogeza viti nje, na watoto huota jua ukutani. Ubaridi huo hudanganya. Joto linalohisiwa mwilini na mionzi inayounguza ngozi ni vitu viwili tofauti. Siku ya baridi yenye anga jeupe yaweza kuunguza ngozi pasipo mtu kutambua.

Mionzi hiyo huitwa urujuanimno, nayo haionekani kwa macho. Wataalamu huigawa katika makundi matatu kwa urefu wa wimbi, unaopimwa kwa nanomita: kundi A ni kati ya 315 na 400, kundi B kati ya 280 na 315, na kundi C ni chini ya 280. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi, ndivyo nguvu yake inavyokuwa kubwa.

Kinga ya kwanza dhidi ya mionzi mikali zaidi ni oksijeni ileile tunayoivuta. Molekuli yake ina atomi mbili zilizoshikamana. Juu sana angani, mwanga wenye wimbi fupi kuliko nanomita 242 huimeza nguvu yake katika kukitenganisha kifungo hicho, na safari ya mwanga huo huishia hapo. Kila atomi iliyoachwa peke yake huweza kujiunga na molekuli nyingine ya oksijeni, ikazaliwa ozoni yenye atomi tatu. Ozoni nayo huzuia mionzi ya kundi C iliyopita na sehemu kubwa ya kundi B. Mwaka 1930 mwanasayansi wa Uingereza, Sydney Chapman, ndiye aliyeueleza mfuatano huu. Ngao hiyo ni nyembamba: ozoni yote ya angani ingeshushwa na kugandamizwa usawa wa bahari, unene wake ungekuwa milimita 3 hivi.

Kwa hiyo mionzi ya kundi C kutoka juani haitufikii. Mlango uliobaki wazi ni wa kundi A, ambalo hupita karibu lote, na sehemu ya kundi B. Katika Dodoma mlango huo ni mpana. Jiji lipo takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 za mwinuko huongeza mionzi kwa takriban asilimia 10. Aidha, jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na wakati wa kiangazi mawingu ni machache.

Mionzi ya kundi B huharibu vinasaba vya chembe hai za ngozi. Melanini hupunguza madhara hayo, lakini watu wenye ualbino wana melanini kidogo mno au hawana kabisa. Nchini Tanzania hukadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino. Wengi wao hupata saratani ya ngozi wakiwa bado vijana, hasa usoni, masikioni, midomoni na shingoni. Maradhi haya huzuilika, na yakigunduliwa mapema hutibika.

Kipimo rahisi ni kivuli. Asubuhi na jioni jua hupita kiupande katika hewa nyingi zaidi, hivyo oksijeni na ozoni huchuja zaidi. Kivuli cha mtu kikiwa kifupi kuliko urefu wake, au ikiwa ni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, ni wakati wa kukaa kivulini. Kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu na miwani ya jua hukinga siku nzima. Mafuta ya kukinga jua, kama yale yanayotengenezwa katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, hupakwa upya kila baada ya saa mbili. Hayachukui nafasi ya nguo wala kivuli.

Kwa mhudumu wa afya, kila mtoto mwenye ualbino anayeletwa kliniki kwa chanjo au homa ni nafasi ya kuikagua ngozi yake na kuzungumza na mzazi. Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, gamba linalorudi baada ya kubanduka, au uvimbe unaotoa damu si wa kupakwa dawa na kusubiriwa. Mgonjwa apewe rufaa ya kliniki ya ngozi siku hiyohiyo.