Mshenga wa Runinga na Waridi la Mwisho

Mwambao wetu unamjua mshenga. Ni mtu mzima mwenye haya na ulimi uliopimwa. Hutumwa na upande wa mume kwenda kuulizia, naye hurudi na jibu bila ya kulitia chumvi. Kazi yake haiishi siku ya nikaha. Wakikorofishana wale wawili mwaka wa tatu, mshenga huitwa tena, akaketishwa mkekani na kuulizwa: wewe ndiye uliyetuletea mtu huyu, basi tuambie. Kwa hivyo hupima kabla ya kusema, maana anajua kwamba neno lake litamfuata.

Wapenzi wasomaji, wiki hii tunamzungumzia mshenga wa aina nyingine, ambaye mabanati wetu wengi wanaijua sura yake kupitia dishi na simu. Naye ni mtangazaji wa vipindi vya kutafuta wachumba mbele ya kamera. Vipindi hivi vimeingia katika kumbi zetu bila ya kupiga hodi, na mama wengi wanatuuliza waviambie nini vizazi vyao. Tumeona vyema, badala ya kulaani tu na kupita, tukitazame kimoja chao kwa utulivu, tujue kinavyotengenezwa, kinavyoishia, na aliyekisimamia amepitia nini katika maisha yake mwenyewe.

Aliyesimama kati ya mawaridi

Chris Harrison alizaliwa Dallas, katika jimbo la Texas, mwaka 1971. Kabla ya kuwa mashuhuri alikuwa mwandishi wa habari za michezo katika kituo cha runinga cha Oklahoma City. Mwezi wa Machi 2002 shirika la ABC la Marekani lilianza kuonyesha kipindi kiitwacho The Bachelor, naye akawa mtangazaji wake hadi mwaka 2021.

Mpango wa kipindi ni mwepesi kuueleza. Mwanamume mmoja asiye na mke huwekewa mbele yake wanawake 25, na misimu mingine hata zaidi. Kila baada ya siku chache hugawa mawaridi. Mwenye kupewa hubaki, na mwenye kukosa hufunga mizigo yake usiku ule ule. Wanawake hao hukaa katika jumba moja, hawana simu, hawana intaneti, hawana mama wala dada wa kushauriana naye. Baada ya wiki chache tu, bwana yule hutarajiwa apige goti na kuitoa pete ya almasi kwa mmoja aliyebaki.

Kazi aliyojulikana nayo zaidi Harrison ilikuwa fupi. Waridi linapobaki moja, huingia, hutangaza kwamba hilo ndilo la mwisho kwa usiku huo, kisha hutoka. Mioyo inabaki ikidunda, naye keshapita mlango. Hapo ndipo tunapoona tofauti ya kwanza baina yake na mshenga wetu: yule wa runinga haulizwi lolote mwaka wa tatu.

Lakini bwana huyu naye ni mja, ana nyumba na watoto. Alioa mwaka 1993 mwanamke waliyejuana tangu masomoni, wakajaaliwa watoto wawili. Mwaka 2012, baada ya miaka 18 ya ndoa, walitangaza kwamba wanaachana. Basi kwa miaka iliyofuata alikuwa akisimama mbele ya mamilioni ya watu kusimamia posa za wengine, hali yake mwenyewe ni ya mtu aliyevunjikiwa na nyumba. Hatulisemi hili kwa kumcheka. Talaka si mzaha, na wengi wanaotusoma wanajua uchungu wake. Tunalisema kwa sababu linatufundisha kwamba kukaa karibu na harusi za watu miaka kumi hakumkingi mtu na yanayoweza kuisibu harusi yake.

Mwaka 2015 alitoa riwaya ya mapenzi, The Perfect Letter. Baadaye alijuana na Lauren Zima, mwandishi wa habari ambaye sehemu ya kazi yake ilikuwa kuripoti juu ya kipindi hicho hicho. Tangu uhusiano wao ulipojulikana mwaka 2018 hadi walipooana mwaka 2023 ilipita miaka mitano. Njia yao ya kujuana si njia yetu, na mipaka ya dini yetu inajulikana. Tunatazama kipimo cha muda peke yake. Aliyesimamia maamuzi ya wiki chache, ilipofika zamu yake, hakujipa wiki chache.

Hata kazi yenyewe ilimponyoka kwa haraka. Mwezi wa Februari 2021 alifanyiwa mahojiano, na humo akaonekana kumtetea mshiriki mmoja aliyepigwa picha zamani katika karamu iliyoigiza enzi za mashamba ya watumwa. Watu walikasirika, naye akaomba radhi. Ilipofika Juni hakuwa tena mtangazaji wa kipindi. Mwezi wa Januari 2023 alianza kuzungumza katika kipindi chake mwenyewe cha sauti, akaeleza kwa urefu jinsi kuondoka kule kulivyomuumiza. Miaka 19 ya umaarufu ilifungwa kwa miezi michache.

Hesabu ya mawaridi

Sasa tutazame matunda, maana mti hujulikana kwa matunda yake. Katika msimu wa kwanza, mwaka 2002, bwana Alex Michel alimchagua Amanda Marsh. Uhusiano wao haukufika mwaka. Aliyekuwa wa pili, Trista Rehn, alirudi kwao bila ya waridi la mwisho. Mwaka 2003 alialikwa awe yeye ndiye mwenye kuchagua, katika kipindi dada cha The Bachelorette, akamchagua Ryan Sutter, mzima moto wa Colorado. Walioana Desemba ya mwaka huo huo, wakapata watoto wawili, na mwaka 2023 walitimiza miaka 20 ya ndoa. Aliyekataliwa mbele ya watu ndiye aliyepata nyumba. Banati yeyote aliyewahi kuulizwa na posa ikarudi nyuma na aliweke jambo hili moyoni.

Katika misimu 26 ya mwanzo ya The Bachelor, mwanamume aliyemuoa yule yule aliyemchagua siku ya mwisho ni mmoja, Sean Lowe, aliyeoa Januari 2014. Wawili wengine, Jason Mesnick mwaka 2009 na Arie Luyendyk mwaka 2018, walimchagua mmoja, kisha wakamwacha na kumrudia yule wa pili, na wakaoana naye. Kuachwa kule kulipigwa picha na kuonyeshwa dunia nzima. Machozi ya binti wa watu yakawa bidhaa.

Na yasidhaniwe machozi hayo hujitokea tu. Sarah Gertrude Shapiro, aliyewahi kufanya kazi ya utayarishaji katika kipindi hicho, alishiriki kutunga tamthilia iitwayo UnREAL, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2015. Humo mna watayarishaji wanaochochea ugomvi na kuwasukuma washiriki hadi walie, kwa sababu kilio huuza matangazo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Swali ambalo halikupata jibu

Mwaka 2023 kilianzishwa kipindi kingine cha ukoo huo huo, The Golden Bachelor, cha watu wazima. Bwana Gerry Turner, mwenye miaka 72, alikuwa mjane wa Indiana aliyeishi na mkewe miaka 43 hadi mauti yalipowatenganisha mwaka 2017. Watazamaji wengi walimpenda kwa upole wake. Alimchagua Theresa Nist, mwenye miaka 70, mjane naye, mkaazi wa New Jersey. Waliozwa mbele ya kamera tarehe 4 Januari 2024. Tarehe 12 Aprili 2024, wiki 14 baadaye, walitangaza kwamba wanaachana.

Sababu waliyoitoa haikuwa khiana wala matusi. Kila mmoja alikuwa na watoto na wajukuu kwao, na hawakuafikiana waishi wapi. Baina ya Indiana na New Jersey ni masafa marefu, na hakuna aliyekuwa tayari kuwaacha wake.

Ndugu zetu, hebu litafakarini. Safari, chakula cha mishumaa, pete, nguo za thamani, kamera kila upande, na swali ambalo bibi zetu huliuliza kabla ya kahawa ya posa kupoa halikuwa limepata jibu: atamweka wapi? Bibi huyo hakusoma chuo kikuu, lakini anajua kwamba ndoa huishi ndani ya nyumba, na nyumba ina mahali pake.

Hapa ndipo kosa kubwa la vipindi hivi lilipo, nalo ni kubwa kuliko mavazi na faragha zao, ambayo kila mzazi anayaona na kuyakemea. Wao huihesabu siku ya kuchagua kuwa mwisho wa hadithi. Muziki huinuka, majina hupita, runinga huzimwa. Nasi tunajua kwamba hadithi ndiyo kwanza inaanza, asubuhi ya pili, mtu anapoulizwa nani ataamka kuwasha jiko.

Tujitazame na sisi

Ingekuwa dhulma kuwahukumu Wamarekani kisha tukajisahau. Zipo harusi zetu za siku hizi ambazo nazo zimekuwa kipindi. Ukumbi hukodiwa kwa deni, sanduku hupigwa picha kabla ya bi harusi kuliona, na shoga huulizana nani alivaa nini. Mwezi wa nne, kodi ya nyumba haijulikani italipwa na nani.

Wapo pia mawalii wanaotoa jibu la posa bila ya kumuuliza binti, au wanaomuuliza mbele ya wageni, hali haya imemfunga ulimi. Kisha kimya chake huhesabiwa kuwa ridhaa, hata kama macho yamejaa machozi. Ridhaa ya mwanamke si pambo la nikaha. Na wapo washenga wanaosifu tu: kijana ni mtulivu, kijana ana kazi. Hawasemi kwamba ana mke Nairobi, au kwamba dawa za kulevya zilimtia mkononi na bado hazijamwachia. Mshenga anayeficha hana tofauti na mtangazaji anayetoka mlangoni baada ya kutangaza waridi.

Wanaofika mbele ya masheikh na katika Mahakama za Kadhi kutafuta suluhu, mara nyingi hawalalamikii kukosa mapenzi. Hulalamika kwa mambo ambayo yangeweza kusemwa siku ya kwanza: tutakaa na mama mkwe au peke yetu, nitaendelea na masomo au sitaendelea, deni lile ni la nani, watoto wa ndoa ya kwanza watalelewa wapi, na mtu huyu akikasirika huwaje. Haya ndiyo ya kuulizwa, na hayahitaji kamera.

Sheria yetu imempa mposaji ruhusa ya kumwona anayemposa, naye pia amwone, wakazungumza kwa adabu mbele ya maharimu. Wazazi wanaoikataza ruhusa hii wanajidhania kwamba wanalinda heshima, na huku wanawapeleka vijana wakatafute sirini walichonyimwa waziwazi. Yapo pia mashauriano na wenye busara, na ipo istikhara kwa Mwenyezi Mungu. Vyote hivyo vinataka muda, na haraka haraka haina baraka.

Rimoti mkononi mwa mama

Basi mama afanye nini anapomkuta binti yake wa miaka 16 akitazama mawaridi yakigawiwa? Kupokonya simu ni rahisi, lakini simu ya shoga yake iko nyumba ya pili. Tunashauri kwamba mama aketi, siku moja tu, na aulize kwa upole: Mwanangu, huyu aliyekosa waridi, nani anamfuta machozi? Hawa wawili wakioana, watakaa wapi? Huyu bwana anawaambia wangapi maneno haya haya? Na wewe ungependa kuchaguliwa hivi, umepangwa safu moja na wenzako 24?

Binti mwenye akili atajibu mwenyewe, na jibu alilolifikia mwenyewe litamkaa zaidi kuliko katazo letu. Na kama hana mazoea ya kuzungumza na mamake mambo haya, basi shangazi au somo yupo. Hiyo ndiyo kazi yao tangu zamani, na tusiiachie runinga.

Kwa kina baba tuna neno moja. Mabanati huyatafuta maneno mazuri ya wageni wanapokuwa hawayasikii nyumbani. Mwanamume anayemshukuru mkewe kwa chai ya alfajiri mbele ya watoto wake amewafunza mapenzi kwa namna ambayo mtangazaji yeyote hawezi. Binti aliyekulia katika nyumba hiyo akiona magoti yakipigwa mbele ya kamera, atajiuliza kwanza kama mtu huyo ataleta maji siku mkewe akishikwa na homa.

Na kwa banati ambaye posa haijabisha mlangoni kwao, au ilibisha ikaondoka, tunamwambia kwamba thamani yake haikuwahi kuwa mkononi mwa mgawaji wa maua. Rizki ya ndoa ina wakati wake na mwenye kuigawa ni Mmoja.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu, awape washenga wetu ukweli wa ulimi, awape mawalii wetu masikio ya kuwasikia binti zao, na awaunganishe waliokosana kwa kheri. Amin.