Kwa nini madaktari hupima shinikizo la kibofu

MTU aliyeumia uti wa mgongo aweza kuharibikiwa na figo bila kuhisi maumivu yoyote, iwapo misuli ya kibofu chake cha mkojo imekakamaa. Ndiposa madaktari huipima.

Mrija mwembamba huingizwa kibofuni na maji ya chumvi kumiminwa polepole. Mwingine huwekwa kwenye njia ya haja kubwa kupima shinikizo la tumbo. Hilo likitolewa katika shinikizo la kibofu, kinachobaki ni nguvu ya misuli yenyewe.

Kibofu chenye afya hutanuka hadi takriban mililita 400 huku shinikizo likipanda kidogo tu. Likizidi sentimita 40 za maji, figo zimo hatarini, na tiba haifai kucheleweshwa.