Tarakilishi Ikilia Kumbukumbu

Wanachama wenzangu, kidato cha nne wana mradi wa KCSE ndani ya tarakilishi za maabara. Zikiharibika, kazi ya miezi imeenda. Ikiwa dirisha la mafaili hujifunga kwenye folda moja tu yenye picha na video, huenda faili moja ni mbovu: Windows hushindwa kuichorea kijipicha. Iambieni ionyeshe alama tu. Ikitulia, mwizi ni huyo.

Lakini ikilia ati kumbukumbu ina kasoro, popote pale, nakilini mradi kwanza, kisha andikeni mdsched, mashine ijipime yenyewe. Vumbi la Meru nalo, lo! Zimeni, chomoeni waya, toeni kibao cha kumbukumbu, futeni meno yake polepole kwa raba safi, mkirudishe mpaka kilie "tak". Kosa likirudi, huenda kibao kimekufa, jaribuni kingine.