Mgeni Aliyeingia kwa Mkono Wetu

Kwa muda wa juma zima kompyuta moja katika ofisi yetu ilikataa kumtumikia mwenyewe. Karani alipoifungua asubuhi ili aandike hesabu za wauzaji wa gazeti, ukurasa aliouzoea haukutokea. Ulitokea mwingine asioujua, na kila alichotafuta kilipitia mtambo ambao hakuuchagua. Kisha matangazo yakaanza kuchomoza, hili juu ya lile: dawa za kupunguza unene, michezo ya kamari, na dirisha jekundu lililodai kwamba mashine imeambukizwa, na kwamba hana budi kulipa sasa hivi ili iponywe. Akifunga moja, yafunguka mawili. Ndugu yetu huyo alikuwa amekwisha toa simu mfukoni ili alipe, mwenzake alipomshika mkono.

Twaeleza habari hii bila haya, maana tulipochunguza tuliona kwamba mgeni huyu hakuvunja mlango. Siku chache kabla ya hapo karani alihitaji programu ya bure ya kubadili hati. Akaipata, akaanza kuiweka, na kila mashine ilipouliza, yeye alibonyeza “Endelea”. Mahali fulani katika maswali yale palikuwa na kisanduku kidogo kilichokwisha kutiwa alama, kwamba anakubali kupewa pia “msaidizi wa kutafuta”. Nani kati yetu asomaye maneno hayo? Sisi wenyewe hatuyasomi, na kazi yetu ni kusoma.

Kuna faida gani katika udhia huu? Faida ipo, tena ni kubwa. Tangazo likionekana, mtu hulipwa. Likibonyezwa, hulipwa zaidi. Na yule agawaye programu ya bure hupata ujira kwa kila kompyuta aliyoitwika mzigo huo. Macho ya mfanyakazi yamekuwa shamba la mtu mwingine, naye mfanyakazi hana habari kwamba analimwa.

Wala isidhaniwe kwamba hii ni kazi ya wahuni wa vichochoroni peke yao. Mwaka 2014 kampuni kubwa ya Lenovo ilianza kuuza kompyuta za mkononi zilizotiwa tayari programu ya kampuni iitwayo Superfish. Programu hiyo ilikaa katikati ya mtu na kurasa alizozifungua, ikapenyeza matangazo yake. Na ili iweze kuingia hata katika kurasa zilizolindwa, kama zile za benki, iliweka ndani ya mashine cheti chake yenyewe, na ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwa mashine zote. Februari 2015 mtaalamu mmoja aliufumbua kwa saa chache tu. Tangu hapo mwizi aliyetumia mtandao mmoja na mnunuzi angeweza kujifanya benki yake. Lenovo ilitoa chombo cha kuiondoa programu hiyo, na Septemba 2017 ikapatana na serikali ya Marekani na majimbo 32, ikalipa majimbo hayo dola milioni 3.5. Mnunuzi wa mashine hizo aliikuta programu hiyo tayari imetiwa ndani.

Turudi kwa mashine yetu. Jambo la kwanza lilikuwa kutolipa, wala kupiga namba ya simu iliyoandikwa katika dirisha lile jekundu. Tulifungua orodha ya programu, tukaipanga kwa tarehe, tukaondoa zote zilizoingia siku ile. Tukaingia katika kivinjari chenyewe, tukafuta viendelezi tusivyovijua, tukarudisha ukurasa wa mwanzo na mtambo wa kutafutia. Tukatazama pia orodha ya tovuti zilizoruhusiwa kuleta arifa. Hapo ndipo tulipokuta tovuti tatu za kamari, ambazo karani aliziruhusu bila kujua. Wengi husahau mahali hapo.

Tulidhani tumeshinda. Asubuhi iliyofuata ukurasa ule ule ukarudi! Ikaonekana kwamba adui alikuwa ameunga anwani yake katika mkia wa alama ile ibonyezwayo ili kufungua kivinjari. Tukaifuta alama hiyo na kuweka mpya. Mwishowe tulipitisha AdwCleaner, chombo cha bure cha Malwarebytes, tulichokichukua kwa wenyewe walioitengeneza, si kwa tangazo lolote, maana dawa za bandia ni nyingi kuliko ugonjwa.

Kwa simu mambo ni karibu hayo hayo: mara nyingi mkosaji ni programu iliyoingizwa siku chache kabla ya usumbufu kuanza.

Karani amekwisha badili maneno yake ya siri, akitumia kompyuta nyingine. Ile programu ya kubadili hati nayo ameitoa. Amegundua kwamba programu anayoandikia kila siku ilikuwa na uwezo wa kuifanya kazi hiyo tangu mwanzo.