Uhamisho wa ndani ya kampuni kwenda nchi nyingine

Uhamisho wa ndani ya kampuni kwenda nchi nyingine ni utaratibu ambao mwajiri humpeleka mfanyakazi wake kushika kazi mpya katika tawi, kampuni tanzu au kampuni mama iliyoko nje ya nchi. Mwajiri hubaki yuleyule, au walau kundi lilelile la makampuni, lakini sheria za kazi, kodi, sarafu na mara nyingi lugha ya ofisini hubadilika. Utaratibu huu ni tofauti na uhamiaji wa kawaida wa wafanyakazi, ambapo mtu hutafuta mwajiri mpya ugenini. Ni tofauti pia na safari ya kikazi, ambayo huisha baada ya siku au wiki chache.

Uamuzi wa kumhamisha mfanyakazi hufanywa na kampuni, lakini ruhusa ya kufanya kazi hutolewa na serikali ya nchi anakokwenda. Kwa sababu hiyo cheo kipya hakina uhakika mpaka kibali kitoke, na mara nyingi haki ya kukaa nchini hufungamana na kazi hiyohiyo.

Historia

Makampuni ya zamani ya biashara, kama East India Company ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1600 na VOC ya Uholanzi iliyoanzishwa mwaka 1602, yalipeleka makarani na wakuu wa vituo katika bandari za Asia. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki, Imperial British East Africa Company ilipata hati ya kifalme mwaka 1888 na kuendesha shughuli zake kutoka Mombasa kwa kutumia maofisa waliotoka ng'ambo.

Katika karne ya 20 makampuni ya kimataifa yaliongezeka, na serikali zikaanza kutunga vibali maalumu kwa ajili ya watumishi wao. Marekani iliunda viza ya L-1 mwaka 1970. Mkataba wa jumla wa biashara ya huduma wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1995, nao unahusu watu wanaovuka mipaka kutoa huduma, wakiwemo wanaohamishwa na makampuni yao.

Zamani safari hizi zilielekea hasa kutoka makao makuu ya Ulaya kwenda makoloni. Siku hizi watu huhamishwa pande zote. Mkenya Peter Ndegwa aliongoza Guinness Ghana, kisha Guinness Nigeria, kisha biashara za Diageo katika Ulaya bara, zote zikiwa ndani ya kundi moja, kabla ya kuwa mkuu wa Safaricom mwaka 2020.

Aina

Kuna njia tatu za kawaida:
- Kuazimwa: mfanyakazi hubaki na mkataba wake wa nyumbani na hupelekwa kwa muda maalumu, kisha hurudi.
- Uhamisho wa kudumu: mkataba wa zamani huvunjwa na mfanyakazi huajiriwa upya na kampuni ya nchi anakokwenda, kwa mshahara na masharti ya huko.
- Kazi ya muda mfupi: mfanyakazi hupelekwa kwa miezi michache kufunga mitambo, kufundisha wenzake au kufungua tawi, mara nyingi bila familia.

Tofauti kati ya njia mbili za kwanza ni kubwa. Aliyeazimwa ana mahali pa kurudi. Aliyehamishwa moja kwa moja anaweza kupoteza miaka yake ya utumishi katika hesabu ya kiinua mgongo, isipokuwa mkataba mpya useme kwamba miaka hiyo inatambuliwa.

Vibali

Marekani hutoa L-1A kwa mameneja na wakurugenzi kwa muda usiozidi miaka 7, na L-1B kwa wenye ujuzi maalumu wa kampuni kwa muda usiozidi miaka 5. Mwombaji lazima awe ameifanyia kampuni hiyo kazi nje ya Marekani kwa mwaka mmoja mfululizo ndani ya miaka 3 iliyotangulia. Viza hii haimruhusu kuhamia kwa mwajiri mwingine. Kazi ikiisha, kwa kawaida hupewa siku zisizozidi 60 za kupata njia nyingine ya kubaki au kuondoka.

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwongozo wake mwaka 2014. Mameneja na wataalamu huruhusiwa kukaa hadi miaka 3, na wanaojifunza kazi hadi mwaka mmoja. Uingereza ilibadilisha viza yake ya aina hii mwaka 2022. Viza mpya haihesabiwi katika safari ya kupata ukaazi wa kudumu.

Afrika ya Mashariki

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Inatambua uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, lakini kila nchi iliorodhesha kada inazozifungulia, na vibali vya kazi havikufutwa. Suala hili ni muhimu kwa sababu makampuni ya eneo hili yamevuka mipaka: KCB ya Kenya iliingia Tanzania mwaka 1997, na CRDB ya Tanzania ilifungua benki Burundi mwaka 2012.

Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inamtaka mwajiri aandae mpango wa kurithisha ujuzi kwa raia. Mgeni huhitaji kibali cha kazi pamoja na kibali cha ukaazi cha daraja B. Kenya hutumia kibali cha daraja D kwa walioajiriwa.

Mfano unaojulikana ni wa mwaka 2018. Vodacom Tanzania ilimtangaza Sylvia Mulinge, Mkenya aliyekuwa mkurugenzi Safaricom, kuwa mkuu wake mpya. Makampuni hayo mawili yana uhusiano wa umiliki kupitia Vodacom Group. Hata hivyo hakupata kibali cha kazi nchini Tanzania, akabaki Safaricom. Mwaka 2022 alikwenda kuongoza MTN Uganda.

Mshahara, kodi na hifadhi ya jamii

Aliyeazimwa mara nyingi hulipwa mshahara wa nyumbani pamoja na posho ya nyumba, ada za shule na nauli ya likizo. Aliyehamishwa kabisa hulipwa kama wenyeji.

Nchi nyingi, zikiwemo Kenya na Tanzania, humhesabu mtu kuwa mkaazi kwa ajili ya kodi akikaa siku 183 au zaidi katika mwaka. Nchi mbili zikidai kodi ya mshahara mmoja, mkataba wa kuzuia kodi maradufu huamua ipi inastahili. Tanzania ina mikataba hiyo na nchi kama India, Afrika Kusini na Zambia.

Michango ya hifadhi ya jamii hufuata kanuni nyingine. Ndani ya Umoja wa Ulaya aliyetumwa kwa muda usiozidi miezi 24 anaweza kuendelea kuchangia mfuko wa nchi alikotoka. Pasipo makubaliano kati ya nchi mbili, mtu anaweza kuchangia pande zote mbili, au kubaki na miaka ambayo haihesabiwi katika pensheni yake.

Familia na kurudi nyumbani

Mwenzi wa ndoa huenda akalazimika kuacha kazi yake. Marekani inawaruhusu wenzi wa wenye L-1 kufanya kazi, na Umoja wa Ulaya pia, lakini katika nchi nyingine kibali cha mtegemezi hakitoi haki hiyo. Watoto hubadilisha mtaala na lugha ya kufundishia.

Kurudi nako kuna ugumu wake. Nafasi ya zamani huwa imeshapewa mtu mwingine, na ujuzi uliopatikana nje unaweza kukosa kazi inayoufaa. Kwa hiyo mkataba mzuri huandikwa kabla ya safari, ukitaja cheo cha kurudia, atakayelipa gharama za kurudisha familia, na kitakachofanyika endapo kampuni itavunja ajira mfanyakazi akiwa bado ugenini.